Je, ni kweli kwamba inflamesheni ndiyo mama wa magonjwa yote?

Mkaazi wa Umoja: Ndugu zangu, baba yangu ana kisukari na presha, na wiki jana alipimwa damu akaambiwa kwamba kiwango chake cha CRP kiko juu. Muuzaji mmoja wa dawa za mitishamba mjini, alipoiona karatasi hiyo, alimweleza kwamba magonjwa yote huzaliwa na inflamesheni, yaani ule mwako wa mwili unapojikinga, kwamba unga wa manjano utaizima, na kwamba vidonge vya hospitali vinaweza kungoja. Mzee ameshawishika. Nimjibu nini?

Afisa wa kliniki: Kwanza kabisa, mzee asiache vidonge vyake. Manjano kwenye mchuzi hayana neno, lakini hayachukui nafasi ya dawa ya presha. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na jambo fulani, na kipimo hicho hakisemi jambo hilo liko wapi: nimonia huipandisha, jipu huipandisha, hata ufizi uliooza. Inflamesheni yenyewe ni kinga. Ukijikata kisu, mahali pale huwa pekundu, hufura, hupata joto na kuuma, kwa sababu mishipa hupanuka ili chembe nyeupe za damu zifike upesi. Dalili hizo nne Mrumi Celsus aliziandika karibu miaka 2,000 iliyopita. Shida huanza pale mapambano yasipokwisha. Katika kuta za mishipa ya moyo, kwa mfano, chembe nyeupe huja kuyala mafuta yaliyopenya humo, hushiba kupita kiasi, hufia papo hapo, na utando unaobaki ukipasuka damu huganda na kuziba njia.

Mwalimu wa Biolojia: Naongezea jambo moja, kwa kuwa muuzaji huyo hakukosea kila kitu. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio la dawa iitwayo canakinumab kwa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo na ambao CRP yao ilikuwa juu. Dawa hiyo haikugusa lehemu (kolesteroli), ilituliza inflamesheni tu, na bado mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo, vikihesabiwa kwa pamoja, vilipungua kwa takriban asilimia 15. Ila waliotumia dawa hiyo walikufa zaidi kwa maambukizi, maana ulinzi wenyewe ulikuwa umepunguzwa. Kwa hiyo swali la maana si namna ya kuzima, bali ni nini kinachowasha. Vidonda vya tumbo vilitufundisha hilo: madaktari wa Australia, Marshall na Warren, walipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba kuna bakteria nyuma yake, ilibainika kwamba bakteria huyo akiuawa kwa antibiotiki, tumbo hutulia.

Mkaazi wa Umoja: Ahsanteni sana. Nimemsomea mzee majibu yenu, akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba gego lake limekuwa likitoa usaha tangu mwezi uliopita na hakumwambia daktari. Kesho asubuhi tunaenda kwa daktari wa meno, na vidonge amemeza.