Mrejesho: upinde wa mkole wenye fundo na kombo (Iringa)

Wakuu, niliuliza kama kijiti cha mkole chenye fundo na kombo kinafaa upinde. Kinafaa. Sasa unavutika sentimita 60 bila kulia.

Urefu ni sentimita 165. Mgongoni, yaani upande unaotazama shabaha, nimemenya gamba tu. Nyuzi za mti zikikatwa hapo, upinde hupasukia hapohapo. Kwenye fundo nimeacha upana wa ziada, milimita 3 kila upande, na unene wa ziada tumboni, yaani upande unaomtazama mpigaji. Kulisawazisha kwa randa ni kulidhoofisha.

Kombo lilinyooka kwa mvuke wa sufuria, dakika 40, kisha likafungwa kwenye ubao hadi kesho yake. Ncha zipakwe nta mapema, maana upepo mkavu wa Julai huku kwetu hupasua mti mbichi kuanzia miishoni.

Kupunguza ni tumboni tu, kwa kipande cha kioo: kwangua kidogo, pinda mara 20, tazama. Panapopinda kupita pengine pasiguswe tena, kwangua jirani zake. Upote, yaani kamba ya upinde, ni wa katani.

Usivute ukaachia bila mshale! Nguvu yote hurudi kwenye mti, na fundo hutangulia kupasuka.