Mwanangu kapewa 3 kati ya 20 kwa kumpa papa sauti yake. Walimu wa Kiswahili mliomo humu, naomba majibu

Wakuu, habari zenu. Nina hasira na sitaificha.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Wiki mbili zilizopita alirudi na kazi ya Kiswahili: asimulie upya hadithi ya kima na papa kwa mtazamo wa mhusika mwingine. Nilifurahi, maana hadithi hiyo nimelelewa nayo. Kwa aliyeisahau: kima anakula kuyu juu ya mkuyu ulioinamia bahari, papa yuko chini anaomba atupiwe, miezi inapita hivyo. Siku moja papa anamwalika rafiki yake kwao, anambeba mgongoni. Nusu ya njia anamwambia kweli: Sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Wanarudi, kima anarukia mti, hashuki tena. Papa akiita, anasimuliwa kisa cha punda wa dobi, yule aliyeponea kwa simba kisha akarudi kuuawa kwa kuwa hana moyo wala masikio.

Binti akamchagua papa. Jioni tatu yuko mezani na daftari. Jioni ya pili akaniuliza, "Mama, kwani papa alimwambia kwa nini? Si angenyamaza mpaka wafike?"

Hadithi hii naijua tangu sijaanza shule, na swali hilo halijawahi kunijia. Kima yuko mgongoni, maji pande zote, hana pa kukimbilia. Papa angenyamaza tu, kazi imekwisha. Akasema. Na kusema kwake ndiko kulikomponya kima. Mwanangu akaijenga insha nzima hapo: papa katumwa na mfalme wake, kukataa hawezi, lakini kuyu za rafiki yake kazila miezi yote ile na zinamsuta. Kuna sentensi aliiandika, nainukuu ilivyo: "Sikumwona uso, lakini mgongo wangu ulijua ametetemeka kabla sijamaliza kusema." Mtoto wa kidato cha pili! Kaelewa kwamba anayembeba mtu mgongoni hamwoni usoni.

Daftari likarudi na 3. Kwa wino mwekundu: "Umepotosha hadithi. Papa ni mhusika mbaya." Kisa cha punda nacho kimepigwa mkasi, eti hakukisimulia chote. Angekisimuliaje chote? Papa hakuwepo porini simba alipomrarua punda. Yeye alikisikia kikitoka juu ya matawi, na mwanangu aliandika kwamba alipotambua punda ndiye yeye, akazama kabla hakijaisha.

Nikaenda shule. Nilimsalimia mwalimu kwa heshima, nikafungua daftari. Akanijibu, "Mama, mwongozo wa kusahihisha unataka matukio yote kwa mpangilio. Na hadithi za wahenga hazibadilishwi." Akanionyesha insha iliyopata 18. Ni hadithi ileile neno kwa neno, ila kila palipoandikwa "papa" pamewekwa "mimi". Nikaisoma mpaka kati nikakuta papa anasema: "Kima akawaza moyoni, huyu nitamdanganya." Nikamuuliza mwalimu: kama papa aliyajua mawazo ya kima, aligeuza kurudi ufukweni kufuata nini? Hakunijibu. Alisema ana kipindi.

Hapo ndipo ninapolalamika. Kugeuza nafsi ya tatu kuwa ya kwanza ni zoezi la sarufi. Mtazamo ni mhusika kujua anachoweza kukijua na kukosa kujua asichoweza. Mtoto akiandika kama papa, lazima aamini kweli kwamba moyo uko mtini, la sivyo hadithi haisimami. Mwanangu aliamini. Yule wa 18 hakuamini, na hakufundishwa kuamini.

Na hilo la wahenga kutobadilishwa lisisemwe mbele ya watoto. Hadithi hiyo aliichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mjini London mwaka 1870 kama ilivyosimuliwa Zanzibar, na humo ni papa na Sultani. Nenda India, katika Panchatantra, mkusanyo wao wa kale wa hadithi za wanyama, utamkuta nyani na mamba, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Wahenga wa pwani wangekuwa na mwongozo kama huo wa kusahihisha, papa huyu tusingemjua kabisa.

Naomba walimu mnijibu kwa hoja. Mwongozo wa namna hii upo kweli, au ni wa huyu mmoja? Na kama upo, kwa nini swali liseme "mtazamo wa mhusika mwingine", wakati kinachotakiwa ni kunakili?

Juzi aliambiwa arudie. Kaandika kama alivyoelekezwa, "papa" kaifuta, "mimi" kaiweka, dakika ishirini kamaliza. Kapata 16. Zile kurasa za mwanzo alizichana akazitupa kwenye ndoo ya taka jikoni. Nimezitoa, nimezifuta maji ya mchicha, nimezibandika kwa selotepu. Ninazo. Ile ya mgongo inasomeka bado.