Mrejesho: rangi za chumba cha mtoto

Wadau, niliuliza nitieje rangi chumba cha mtoto wakati nyumba nzima ni kuta nyeupe na fenicha za mninga. Asanteni kwa ushauri. Nimepaka ukuta mmoja tu, wa nyuma ya kitanda, kijani cha embe bichi. Rangi ya maji, madirisha wazi mpaka harufu ikaisha kabisa. Rangi nyingine zote nimezitia kwenye vitu vya kubadilishika: pazia la kitenge cha manjano, na mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau (huo ndio ninaoupenda kupita vyote). Chandarua kimebaki cheupe. Mama mkwe alitaka katuni ukutani, tukaafikiana ziwe kwenye shuka. Mtoto mwenyewe anakodolea pazia, wala hana habari na ukuta.