Nako za mbele Lendikruza 79: nibaki na za Toyota, nifunge za stadi sita, au nihamie ekseli nyingine?

NyatiWaNatron (Arusha)
Wakuu, habari za majukumu. Gari ni HZJ79, injini 1HZ, koili mbele. Ilitoka kiwandani na tairi za 7.50R16; sasa ina inchi 35, rimu zilizotoka nje kidogo, bampa la chuma na winchi. Kazi yake ni kubeba mahema, maji na jiko kwenda kambini upande wa Natron na Loliondo. Wageni wakipungua naipeleka kwenye mawe kwa raha zangu.

Majuzi stelingi ilianza kuchelewa. Nakata, gari inafikiri kwanza ndipo inafuata. Tulipotoa tairi ya kushoto tukakuta mkono wa stelingi unacheza chini ya nako (kile chuma cha mwisho wa ekseli kinachobeba hubu na kugeuka pamoja na tairi). Kati ya stadi nne (boliti zisizo na kichwa zinazoushika mkono kwenye nako), mbili zimekatika na mbili zimelegea. Gereji wanasema nako za Toyota ni laini kwa tairi hizi, nitafute ngumu zaidi. Nimeona watu wanauza nako za Kimarekani zenye stadi sita, wengine wanashauri ekseli nzima ya Nissan Patrol au Dana 60 (ekseli nzito ya Kimarekani). Na kuna fundi wa kuchomelea anasema ataongeza vipande vya chuma kwenye nako zangu hizi hizi. Nisaidieni kupima.

FundiShimu (Dar)
Pole mkuu. Kabla hujatoa hela, jibu hili kwanza: nako yenyewe imepasuka? Na matundu ya mkono yakoje?

NyatiWaNatron
Nako haina ufa, tumeiosha kwa petroli tukaiangalia kwa tochi. Matundu mawili ya mkono yameliwa, hayana duara tena.

FundiShimu
Basi gereji wanamshitaki asiye na kosa. Nako ya Lendikruza ni chuma cha kusubu, nene, na kwa miaka niliyofanya kazi Gerezani, mtaa wa gereji hapa Dar, zilizopasuka zenyewe bila gari kugonga kitu ni za kuhesabu. Kinachokufa ni kile kinachoishikilia.

Ule mkono unakaa kwa kubanwa. Nati zikikazwa sawasawa, mkono unagandana na nako na zile washa za koni zinaziba nafasi yote kwenye tundu, kwa hiyo stadi inavutwa tu kwa urefu wake. Nati ikilegea nywele moja, mkono unaanza kutembea kila unapokata kona, na stadi inakunjwa huku na huku hadi inachoka. Chukua kipande kilichobaki uangalie uso wake pale kilipokatikia. Ukiona mistari ya nusu duara inayofuatana, laini na iliyong'aa, halafu kipembe kidogo chenye chembechembe, ujue ilikuwa inakatika polepole tangu zamani. Ingekatika kwa pigo moja la jiwe, uso wote ungekuwa wa chembechembe.

Ukifunga nako ngumu kuliko zote duniani kwa nati zilizolegea, utarudi hapa hapa. Mimi ningefanya hivi: nako zako zibaki, mkono mpya wa Toyota (huo ulioliwa tupa, usiujaze kwa kuchomelea), stadi za chuma kigumu za ARP (kampuni ya Kimarekani ya boliti) au za Toyota mpya, washa za koni mpya, na beringi za kingpini (pini za juu na chini ambazo nako hugeukia) mpya pande zote mbili. Kitabu cha ekseli ya Lendikruza 80 kinasema nati za mkono zikazwe 96 Nm. Tumia spana ya kipimo, "nimekaza kwa mkono wa mwanaume" haimo kwenye kitabu.

Mbogo254 (Nairobi)
Fundi nakuheshimu, lakini hapo kwa tairi za 35 na mawe sikubaliani nawe kabisa. Nimesaidia kutengeneza gari za Rhino Charge, yale mashindano ya porini hapa Kenya. Kule mnapewa vituo 13 na saa 10, na mshindi ni yule aliyepita umbali mfupi zaidi, kwa hiyo watu hawazunguki jiwe, wanalipanda. Tairi ikibanwa kati ya mawe mawili na dereva bado anakata, hasa gari ikiwa na silinda ya haidroliki ya kusaidia stelingi, nguvu yote inaishia kwa zile stadi nne. Ukiziweka sita unaigawa. Ndio maana Trail-Gear, wale Wamarekani, wakatengeneza nako zao za stadi sita. Faida nyingine, mkono unakaa juu ya nako, kwa hiyo fimbo ya stelingi inapanda juu na jiwe haliipati. Hiyo fimbo kukunjika ni mara nyingi kuliko hata stadi kukatika.

FundiShimu
Kuhusu fimbo kupanda juu uko sahihi kabisa, hapo sina ubishi. Lakini nako hizo zilisanifiwa kwa ekseli za Hilux za 1979 hadi 1985, za springi bapa. Yeye ana 79 ya koili, fimbo moja inapita mbele ya ekseli na nyingine nyuma, na juu kuna panadi (fimbo inayozuia ekseli isihame pembeni). Akiagiza seti kutoka Marekani akalipa na ushuru, ataishia kuifanya pambo la gereji. Kwa mwenye Hilux ya zamani ninamwambia anunue leo.

Mbogo254
Sawa, hilo la koili sikulitazama vizuri. Kwa 79 yake nakubali haziingii bila kukata.

MzeeWaDifu (Mombasa)
Vijana, mkisikia Dana 60 msikimbilie. Ile ya kingpini ni chuma kweli: juu kuna springi na kikombe cha nailoni, chini beringi nene, na nako za kununua kama za Reid Racing zipo. Lakini angalieni difu iko upande gani. Ya Ford ya 1978 na 1979 difu iko kushoto, na Lendikruza inatoa shafti ya mbele kulia. Ya Chevrolet ndiyo yenye difu kulia. Na hapo bado stadi za rimu ni nane, breki nyingine, uzito umeongezeka, na kila oil sili unaagiza kwa meli. Kwa gari ya mchezo, sawa. Kwa gari inayobeba chakula cha wageni, ikikwama Loliondo nani atakuletea spea? Za Toyota unazipata hata kwa bodaboda.

PatroliTupu
Ekseli ya Patrol Y60 au Y61. Nako nene, koili tayari, wenzetu Australia wanaipenda. Nimemaliza.

MzeeWaDifu
Hujamaliza, mwanangu. Nayo ina beringi za kingpini zilezile zinazoliwa zilezile, na mabano yote ya koili lazima ukate na uchomelee upya. Ni ekseli nzuri. Ila tatizo lake ni nati zilizolegea, ninyi mnamshauri ahame nyumba.

DadaKasta (Moshi)
Kaka Nyati, gari umeinua? Maana hakuna aliyeuliza na ndiyo inayoniumiza roho.

NyatiWaNatron
Shikamoo dada. Ndiyo, koili za kupandisha sentimita tano hivi.

DadaKasta
Marahaba. Basi sikiliza. Ekseli ya koili ya 79 inashikwa na mikono miwili mirefu ya mbele. Ukiinua gari, mikono hiyo inainamisha ekseli na kasta (ule mlalo wa kingpini kwenda nyuma unaonyoosha gari barabarani) inapungua. Gari inakuwa nyepesi mbele, inatafuta barabara yenyewe, na ukigonga shimo kwenye mwendo wa 60 au 80 usukani unatikisika hadi usimamishe gari. Kule kutikisika ndiko kunakolegeza nati za fundi wetu. Tairi kubwa na rimu za kutoka nje zinaongeza mkono wa nguvu juu ya hapo. Ukibadilisha nako bila kurudisha kasta kwa bushi za kurekebisha, umelipa mara mbili.

Pia mwambie fundi akufungulie vikombe vya beringi za kingpini uvione kwa macho yako. Gari ikikaa inaenda mbele tu miaka yote, zile rola zinachimba vishimo vyembamba palepale zilipo, vimejipanga mstari. Ukipitisha ukucha vinakwama. Beringi ya hivyo inafanya usukani ujishike katikati halafu uruke kidogo. Hata grisi mpya haitakusaidia.

NyatiWaNatron
Nimerudi gereji, nikapitisha ukucha. Vipo! Chini kushoto ndiyo mbaya zaidi. Na ndani ya nako grisi imekuwa uji mweusi, inachuruzika hadi kwenye breki.

FundiShimu
Hiyo ni oil sili ya ndani ya ekseli, mafuta ya difu yanaingia kwenye nako na kuyeyusha grisi. Ibadilishe wakati huohuo, pamoja na sili zinazofuta ile tufe, mpira wa chuma wa mwisho wa ekseli ambao nako inauzunguka. Osha sivijointi (kiungo cha shafti kilicho ndani ya nako) na ijaze grisi ya moli. Shimu (zile washa nyembamba za kupangia beringi) ziweke kila moja upande ilikotoka, halafu kabla ya kufunga fimbo vuta nako kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Kwa ekseli ya 80 inatakiwa isome kama kilo 3 hadi 6 inapoanza kugeuka. Ikisoma chini ya hapo, punguza shimu.

Na huyo wa kuchomelea, mwache. Chuma cha kusubu kikichomwa bila kupashwa moto kwanza na bila vijiti vya nikeli kinapasuka pembeni ya mshono, na ufa wake hauuoni hadi siku ya siku. Vipande vya kuimarisha vinawekwa kwenye bomba la ekseli nyuma ya ile tufe, si kwenye nako. Hata hapo achome kidogokidogo kwa kupokezana pande, tufe isipinde.

Mbogo254
Hilo la bomba naliunga mkono kwa mikono miwili. Gari nzito za winchi, ekseli inakunjika pale kabla nako haijafa.

NyatiWaNatron
Basi nako zinabaki. Naagiza stadi za ARP, mkono, beringi, sili na bushi za kasta. Vipande vya bomba nitaweka baada ya msimu. Swali la mwisho: stadi nafunga na gundi ya uzi?

FundiShimu
Upande unaoingia kwenye nako, ndiyo, tone moja baada ya kusafisha uzi kwa tapu (chuma cha kuchonga uzi) na petroli hadi tundu likauke. Upande wa nati fuata karatasi ya ARP, wana grisi yao na kipimo chao cha kukazia, usitumie 96 ya Toyota kwa mazoea. Ukimaliza chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono, zote nane. Kila unapojaza dizeli inama uangalie. Mstari ukiachana, kaza hapohapo kabla hujaondoka.

Mbogo254
Na hizo nako zako usiziuze. Siku ukizichoka, mimi ninazihitaji.