Wacheza pool wa Mwanza, wewe ulijuaje kiwango chako? Tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu.

Swali langu ni kwa sisi tunaocheza pool kwa mapenzi, baada ya kazi na mwisho wa wiki. Ulijuaje kiwango chako? Sizungumzii kumfunga jirani. Nazungumzia kujua kwa uhakika kwamba mimi ni mchezaji wa daraja fulani, na hata nikienda kwenye meza nisiyoijua nitasimama na watu wa aina fulani.

Nauliza kwa sababu meza ziko kila kona ya jiji hili, Igoma, Buzuruga, Mabatini, Mkuyuni, Kirumba hadi Buhongwa, na kila meza ina fundi wake. Utaratibu wetu unajulikana: mshindi anabaki, anayeingia ndiye analipa. Fundi anacheza jioni nzima bila kutoa sarafu na mtaa wote unamwamini. Siku akialikwa mtaa wa pili, mipira ileile aliyokuwa akiitumbukiza bila wasiwasi inamgomea, na watu wanasema kaisha. Hajaisha. Alikuwa anaijua meza yake, na anayeijua meza si lazima awe anaujua mchezo.

Nimelitazama sana jambo hili, na naona meza zetu zinatuficha. Sakafu ndiyo ya kwanza: meza imewekwa barazani, mguu mmoja umeinuliwa kwa kipande cha ubao, na mpira wa polepole unajipinda wenyewe kuelekea upande wa chini. Mwenyeji analijua hilo, mgeni halijui. Halafu kitambaa. Kipya na kilicholika haviukimbizi mpira sawa, na siku za mvua unyevu unakifanya kizito.

Lakini kubwa kuliko yote ni nyeupe yenyewe, ule mpira tunaoupiga kwa fimbo, na hapa wengi hatupatilii maanani. Meza ya sarafu inatakiwa kuirudisha nyeupe ikiingia tunduni, huku mipira mingine ikibaki ndani. Kuna meza zinazoitambua kwa ukubwa wake, nyingine kwa uzito au kwa sumaku iliyomo ndani yake. Sasa nyeupe ikiwa nzito kuliko mipira mingine, inasonga mbele kirahisi baada ya kugonga, ila kuirudisha nyuma ni kazi. Mtu anaweza kucheza miaka akiamini hajui kupiga mpira wa kurudi, kumbe uzito ndio unaomkatalia. Na mwingine anajiona bingwa wa kusogeza nyeupe mbele, kumbe anabebwa na uzito huohuo.

Marekani kuna ligi ya wachezaji wa kawaida inayoitwa APA. Kwenye 8-ball, pool ile ya kumalizia na mpira mweusi, wanawapanga watu kuanzia ngazi ya 2 hadi ya 7. Wa 7 akikutana na wa 2, yeye anatakiwa ashinde michezo 7, mwenzake anahitaji 2 tu. Wanahesabu hadi zamu, na pigo la kujilinda wanaliandika kando ili aliyeficha nyeupe kwa makusudi asionekane amekosa. Kuna pia FargoRate, mfumo unaompa kila mchezaji alama ya kiwango chake: mkitofautiana pointi 100, wa juu anatarajiwa kushinda michezo miwili kila wa chini anaposhinda mmoja, na wanataka michezo 200 iliyoandikwa kabla ya kusema alama yako imetulia. Pigeni hesabu wenyewe. Huyo aliye chini yako kwa pointi 100, mkicheza wa kwanza kufikisha michezo miwili, atakutoa karibu mara moja kati ya nne. Kwa hiyo ubishi wetu wa "juzi si nilikufunga" hauthibitishi chochote.

Msimamo wangu ni kwamba kiwango kinaonekana kwenye kile nyeupe inachofanya baada ya mpira kuingia, na kinathibitishwa na hesabu ya michezo mingi kwenye meza zaidi ya moja. Karibuni, kila mtu aeleze alivyojipima.

Mdau wa Kirumba

Mkuu umegusa penyewe. Mimi shughuli zangu ni pale mwaloni, tukimaliza kupakia dagaa tunapita mezani. Mgeni akija simtazami anavyotumbukiza, namtazama anachagua nini. Mchezaji wa chini anaanza na mipira iliyo mlangoni mwa tundu kwa sababu ni rahisi. Anaimaliza yote haraka, watu wanapiga makofi, kisha anabaki na miwili iliyobanana ukingoni. Wakati huo mwenzake ana meza iliyo wazi mbele yake, hakuna cha kumzuia.

Aliyepanda kidogo anauacha ule wa mlangoni. Hauendi popote, na unamzibia mpinzani tundu lile. Yeye anahangaika kwanza na mipira yenye matatizo, wakati bado ana mingine ya kukimbilia akikwama. Aliye juu kabisa ukimuuliza mapema atakuonyesha mpira atakaoumalizia kabla ya nyeusi, na nyeupe atataka isimame wapi.

Hapa kwetu kuna kijana anayetumbukiza mipira ya mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kuna na mzee mmoja, yeye utamwona anapiga ya karibu tu, na kijana hamuwezi. Nilikaa nikamfuatilia yule mzee mchezo baada ya mchezo. Mipira yake si kwamba imezaliwa rahisi. Ni yeye anaifanya iwe rahisi kwa kuipeleka nyeupe pale anapotaka.

Mwanafunzi, Malimbe

Kaka zangu, huku tuna njia inaitwa kucheza na mzimu. Huhitaji mpinzani. Wataalamu wanabreki, yaani wanapiga pigo la kwanza la kutawanya mipira, wanaichukua nyeupe mkononi, wanaiweka popote, kisha wanajaribu kumaliza meza. Ukikosa mara moja au ukifanya faulo, mchezo ni wa mzimu. Yeye hakosei kamwe, kwa hiyo unachopima ni wewe peke yako.

Sisi tunaanza na mipira mitatu. Itawanye ovyo, usiipange, weka nyeupe unapotaka, maliza yote. Cheza hadi wewe au mzimu afikishe michezo saba. Ukimshinda mzimu wa mitatu siku tofauti tofauti, nenda minne, kisha mitano. Ile idadi ambayo unamshinda leo na kesho anakushinda, hapo ndipo ulipo. Mimi niko kwenye minne na sioni haya kuisema, kwa sababu wengi wanaojiita mafundi hawajamaliza hata wa mitatu wakiwa wanahesabiwa.

Kilichonipandisha kutoka mitatu ni kujifunza nyeupe inaelekea wapi. Ikigonga mpira ikiwa inateleza tu, bila kuzunguka mbele wala nyuma, inaondoka kwa pembe ya digrii 90 na njia ya mpira uliogongwa. Ikiwa inabingirika na ikaugonga mpira karibu nusu yake, inapinda takribani digrii 30 kutoka njia iliyokuwa nayo. Ukizijua mbili hizi unaacha kubahatisha.

Dada wa Nyamanoro

Asanteni kwa mada. Mimi nacheza, na kujua kiwango changu kumekuwa kugumu kwa sababu ambayo nyie wanaume hamkutani nayo. Nikishika fimbo mtu ananionea huruma. Ananirudishia zamu, ananiambia "rudia dada yangu". Nikishinda anasema aliniachia, nikishindwa anasema si nilikwambia. Katika hali hiyo utajipima na nini?

Nikaanza kuandika kwenye simu. Tarehe, meza gani, nimecheza na nani, nani kabreki, nani kashinda, na kwenye kila mchezo nimekosa mipira mingapi ambayo nilipaswa kuingiza. Nikikaa chini kuzisoma naona mambo ambayo mezani hayaonekani. Nikibreki mimi nashinda zaidi. Nikianza kwa kukosa sikati tamaa, narudi vizuri. Lakini mpira uliogandana na ukingo unanitoa kila mara, kwa hiyo huo ndio ninaoufanyia mazoezi. Na sasa anayeniambia aliniachia namfungulia orodha, tunasoma pamoja jinsi ilivyokuwa tangu tulipoanza kucheza. Mazungumzo yanakwisha kwa amani.

Nawaomba na nyie muandike. Hasa vijana wanaoanza. Kumbukumbu ya kichwani inahifadhi ushindi tu.

Wa Mabatini

Mimi natofautiana nanyi wote. Kiwango cha mtu utakijua hela ikiwekwa mezani. Mazoezini kila mtu anajua. Weka elfu kumi uone mkono unavyotetemeka.

Mleta mada

Mkuu wa Mabatini, hela inapima moyo, na moyo ni sehemu ya mchezo, hapo sikupingi. Lakini elfu kumi ya mtu mwenye duka na elfu kumi ya anayeitegemea kwa chakula cha watoto hazina uzito mmoja. Utakuwa umempima nani ana akiba, hujapima nani anaujua mchezo. Tena nimeona vijana wenye mikono mizuri sana wakipotea kwa njia hiyo. Ukitaka presha, mwite mtu mmoja atazame na kuhesabu kwa sauti. Inatosha kabisa.

Mkongwe wa Igogo

Wanangu, enzi za mashindano ya Safari Pool ngazi ya mkoa klabu zilikuwa zinakutana, na pale ndipo mtu alipokuwa anajulikana. Unacheza na mtu hujawahi kumwona, refa amesimama, sheria ni moja, na ukimaliza mchezo wako unakaa kumngoja mwenzako kwa muda mrefu mkono ukiwa umepoa. Wengi waliotamba mtaani walikuwa wanatolewa mapema, na wengine wasiojulikana walikuwa wanafika mbali.

Nilichokiona kwa wale waliofika mbali ni hiki: walijua kutokupiga. Mpira haupo, hawalazimishi. Wanaigusa nyeupe taratibu, inakwenda kujificha nyuma ya mpira wao, wewe unabaki kuhangaika. Mtaani ukicheza hivyo watu wanakuzomea, wanakuita mwoga. Mimi nasema anayelazimisha kila mpira bado hajavuka daraja la kati, hata kama anashinda. Mwanangu wa Malimbe, mzimu wako ni mzuri ila hilo hauwezi kulipima. Lazima uwe na mtu mbele yako.

Na sheria mkubaliane kabla. Kuna meza faulo inampa mpinzani mapigo mawili, kuna meza unachukua nyeupe mkononi na kuiweka popote. Aliyezoea moja akiingia kwenye nyingine anaonekana hajui, kumbe hesabu yake ya hatari ndiyo imebadilika.

Wa Sengerema

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 tunavuka kirahisi kuja kucheza upande wa jijini, na tumejifunza mengi. Sisi tulikuwa tunafungana wenyewe kwa wenyewe. Sasa tuna desturi: tukifika kwenye meza ngeni, kabla ya mchezo mtu anausukuma mpira mmoja polepole kutoka ukingo hadi ukingo, urefu na upana, anaangalia unapinda wapi. Halafu anapiga nyeupe mara moja ya kurudi nyuma kuona kama inakubali. Anayefanya hivyo anashindwa kwa heshima hata akishindwa. Tofauti yetu na wenyeji imepungua sana kwa jambo hilo dogo.

Mdau wa Nansio

Huku Ukerewe wachezaji wazuri ni wachache na tunajuana mikono. Meza ninayoitumia nyeupe yake ni kubwa na nzito. Swali kwa mwanafunzi wa Malimbe: nikicheza na mzimu kwenye meza hiyo, idadi yangu ni halali au meza inanipunja?

Mwanafunzi, Malimbe

Ni halali kwa kujilinganisha na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita, kwenye meza hiyohiyo. Usiilinganishe na yangu. Ukija Mwanza na kivuko, pita huku Malimbe tucheze mzimu kwenye meza mbili tofauti siku moja, kisha tuweke namba zote hapa. Fanya hivi pia: wakati mwenye meza anapoifungua kwa usafi, muombe uishike nyeupe mkono huu na mpira wa kawaida mkono huu. Ukiisikia nzito wazi, acha kuhangaika na mpira wa kurudi kwenye meza hiyo, panga njia zako kwa kusukuma mbele na kwa kutumia kingo.

Mdau wa Nansio

Nimekuelewa. Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Dada wa Nyamanoro naomba na wewe uwepo na orodha yako, nataka nione unavyoipanga.

Dada wa Nyamanoro

Nitakuwepo. Njoo na daftari.