Mistari ya rangi ya fedha kwenye reli za bastola ya alumini: ni uchakavu au ni kawaida?

Mkazi wa Bwiru

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninamiliki kwa leseni bastola aina ya Beretta 92FS ya milimita 9, ambayo fremu yake (mwili wa chini wenye mshikio) ni ya alumini na slaidi yake (sehemu ya juu inayokwenda na kurudi) ni ya chuma. Ninayo kwa mwaka wa nne sasa, na kwa mujibu wa daftari langu imekwisha kupiga risasi 640, zote kwenye uwanja wa shabaha. Shughuli yangu ni biashara ya dagaa, hivyo silaha hukaa kiunoni tangu alfajiri ninapofika soko la samaki la Mwaloni hapa Mwanza hadi jioni, katika mvuke, jasho na vumbi la barabarani.

Juzi nilipoifungua kuisafisha niliona kwamba ile rangi nyeusi ya reli za fremu, yaani njia mbili ambazo slaidi huteleza juu yake, imeondoka, na mahali pake pamebaki mistari miwili inayong'aa kama fedha. Ndani, pale kipande cha kufungia mtutu kinaposhuka na kugusa fremu, pana alama nyingine ya kung'aa yenye ukubwa wa punje ya mchele. Kitambaa nilichofutia kilitoka na tope la kijivu. Jamaa mmoja ameniambia kuwa alumini ikishaanza kung'aa bastola imekufa, na kwamba afadhali niiuze mapema. Mwingine ameniambia niipake grisi nzito kila mahali kwa sababu hewa ya ziwani inakula vyuma. Naomba mwenye ujuzi anieleze: nitajuaje uchakavu wa kawaida na uharibifu, na je, ninapaka mafuta kiasi gani?

Mstaafu wa Igoma

Ndugu Mkazi, asante kwa swali lililoandikwa vizuri. Kabla ya yote, kila unapotaka kuichunguza toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi, kisha tazama chemba, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho na uipapase kwa kidole, hata kama uliitazama dakika mbili zilizopita. Nimefanya kazi na silaha miaka mingi, na wote niliowaona wakijeruhiwa wakati wa kusafisha walikuwa na uhakika kwamba haina kitu.

Sasa tuje kwenye reli. Rangi nyeusi unayoiona kwenye fremu hiyo haikupakwa kwa brashi. Ni ganda ambalo alumini yenyewe imeoteshwa kwa umeme ndani ya tindikali, na ganda hilo ni oksidi ya alumini, yaani jamaa wa karibu wa yakuti zinazochimbwa Longido. Ni gumu kuliko chuma cha slaidi, lakini ni jembamba mno. Hata lile la daraja gumu kabisa huwa na unene wa takriban milimita 0.05 tu, na sehemu yake moja imezama ndani ya alumini yenyewe. Slaidi inapokwenda na kurudi mara mia kadhaa, vilima vidogo vidogo vya ganda hilo husuguliwa vikalainika, na rangi huondoka kwanza mahali palipobanana zaidi. Kwa hiyo mng'ao peke yake unakuonyesha tu mahali vyuma viwili vinapokutana. Kwa risasi 640 ningeshangaa kama usingeuona.

Kinachotofautisha ni kucha yako. Futa reli mpaka ikauke, kisha pitisha ukucha wa kidole gumba kwa kukatisha mstari, kutoka kwenye rangi nyeusi kuingia kwenye mng'ao na kutoka tena. Ukucha ukiteleza kama juu ya kioo, hapo pamesuguliwa tu. Ukikwama kwenye ngazi, au ukihisi kingo zenye ukali kama za bati lililokatwa, hapo alumini inang'oka, na hiyo ni habari nyingine. Linganisha pia reli ya kushoto na ya kulia: zikichakaa sawasawa ni dalili njema, ila upande mmoja ukichimbika na mwingine ukabaki mweusi, kuna kitu kinachoisukuma slaidi pembeni, na mara nyingi kitu hicho ni mchanga.

Halafu uangalie springi ya kurudishia slaidi. Ikilegea, slaidi hurudi nyuma kwa kishindo na kuigonga fremu, na alumini haipendi kugongwa. Mafundi wengi huibadilisha baada ya risasi kati ya 3,000 na 5,000, kwa hiyo wewe bado uko mbali.

Fundi wa Mwaloni

Mimi si mtu wa silaha, ni fundi wa mashine za boti, lakini alumini naijua kwa sababu mabodi ya mashine hizo karibu yote ni alumini. Naomba nimsahihishe yule aliyesema kuhusu hewa ya ziwa. Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi ya kuruka hewani kama kule Tanga au Dar es Salaam. Chumvi inayoifikia bastola yako ni ya jasho la kiuno chako mwenyewe, ikinyonywa na ngozi ya mkoba na kukaa humo usiku kucha. Usiihifadhi bastola ndani ya mkoba wa ngozi. Ifute, ilaze mahali pakavu kwenye kasiki, na mkoba uuanike kivyake.

Alumini haipati kutu nyekundu. Ukiona wekundu ndani ya fremu, umetoka kwenye pini, springi au magazini, ambavyo ni vya chuma. Alumini ikiugua hutoa unga mweupe kama wa chaki, hasa pale ganda lilipoisha na chuma kimeilalia huku pana unyevu. Unga huo ndio wa kuogopa kuliko mng'ao.

Kuhusu lile tope la kijivu, fanya hivi. Lifutie kwenye karatasi nyeupe, ulisambaze, kisha ulitazame juani. Likiwa laini na lisilo na chembe, ni moshi wa baruti uliochanganyika na mafuta, na hakuna la kutisha. Ukiona vijichembe vinavyometameta, pitisha sumaku chini ya karatasi: vinavyofuata sumaku ni vya chuma, vinavyobaki vimelala huenda ni alumini, au mchanga wetu huu wa mawe ya Mwanza, ambao nao unameta. Visugue kati ya vioo viwili. Mchanga utakwaruza, alumini itabonyea.

Na kwa ile alama ya punje ya mchele, kuna njia tunayotumia kutafuta ufa kwenye silinda hedi. Paka mafuta ya taa mahali hapo, subiri robo saa, futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatajipenyeza kutoka ndani na kuchora uzi mweusi kwenye chaki. Mwanga wa tochi uulaze pembeni, usiumulike kutoka juu.

Kijana wa Nyakato

Mimi yangu huwa naizamisha kwenye oili ya injini usiku mzima, asubuhi naikung'uta na kuivaa. Mwaka wa pili huu na haijawahi kukwama.

Mstaafu wa Igoma

Kijana wangu, haijakwama kwa sababu hujaipiga. Oili nyingi kwenye vumbi la Nyakato inageuka kuwa msasa wa majimaji, na ile inayochuruzika kuelekea kwenye chemba inaweza kuingia kwenye risasi na kuiharibu fataki, yaani kile kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa risasi. Kama oili hiyo imekwisha kutumika garini ni mbaya zaidi, maana ina vijichembe vya chuma na tindikali.

Kwa fremu ya alumini mimi napendelea grisi nyepesi ya lithiamu kwenye reli, kwa kuwa inakaa pale ilipowekwa, na tone moja la oili kwenye mhimili wa kifyatulio na wa nyundo. Kiasi ni hiki: paka reli kwa ncha ya njiti ya kiberiti, rudisha slaidi, ivute mara kumi, kisha tazama. Reli iwe na unyevu unaoonekana unapoigeuza kwenye mwanga, lakini grisi isijikusanye kwenye ncha. Ikijikusanya, umezidisha. Ndani ya mtutu na chemba pawe pakavu.

Usitumie grisi nyeusi yenye grafaiti, kwa kuwa grafaiti, alumini na unyevu vikikutana alumini ndiyo huliwa. Mafuta ya kula yanagandamana kama gundi. Usioshe fremu kwa magadi ya kutengenezea sabuni, yatalila ganda lote, na usiguse reli kwa msasa wala brashi ya waya ya chuma. Mswaki wa zamani unatosha. Ukikuta ufa au ngazi, usimpelekee fundi wa vichochoroni: ukarabati wa silaha ni wa fundi mwenye kibali, na polisi waliokupa leseni watakuelekeza.

Mkazi wa Bwiru

Ninawashukuru wazee wangu. Nimefanya yote jana jioni baada ya kuhakikisha chemba ni tupu. Chaki ilibaki nyeupe kabisa. Reli ya kushoto ukucha uliteleza kote, ila ya kulia ulikwama mbele, karibu na ncha, nikaingiwa na hofu. Niliweka tone la oili, nikasubiri, nikasugua kwa mswaki, na kile nilichodhani ni ngazi kikabanduka: lilikuwa tope lililokauka, na ndani yake mlikuwa na punje mbili za mchanga na kipande cha gamba la dagaa. Chini yake rangi nyeusi ingali nzima.

Nimepiga picha za reli zote mbili na kuandika tarehe na ile hesabu ya 640 kwenye daftari, ili nikifika 1,000 nizilinganishe. Mkoba umeanikwa kambani.