Naomba ushauri: tasnifu ya usalama wa taifa, nishike Kitaya au nyaya za baharini?

Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili, naandaa pendekezo la utafiti kuhusu jinsi sera ya usalama wa taifa inavyobadilika dunia inapozidi kuunganika. Msimamizi wangu anataka mfano mmoja tu.

Moyo wangu uko Kitaya, Mtwara. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji kile. Machi 2021 wakavamia mji wa Palma, hukohuko Cabo Delgado, TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi. Julai mwaka huohuo Rwanda ikapeleka askari Msumbiji, na SADC nayo ikaingia na kikosi chake cha pamoja, SAMIM, Tanzania ikiwemo. Yaani usalama wa mkulima wa kando ya mto ukawa umefungamana na gesi ya kampuni ya Ufaransa na maamuzi ya Kigali. Kwangu hapo ndipo penye utafiti wenyewe.

Mfano wa pili ni Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikayumba nchini. Hakuna adui aliyevuka mpaka, lakini shughuli zilikwama.

Hofu yangu kwa Kitaya ni data: nyaraka nyingi ni za siri, na sitaki kuwahoji watu waliopoteza ndugu kwa namna itakayowaumiza upya. Waliowahi kutafiti mambo ya ulinzi, je, taarifa za SADC na hotuba za bajeti bungeni zinatosha kubeba tasnifu nzima? Na mahojiano ya mpakani mliyaombea kibali wapi kwanza, mkoani au wilayani?